Chujio la Uchafu Kwenye Boila: Lifungwe au Lisifungwe?

Mhadhara kwa wakazi wa Uingereza wanaozungumza Kiswahili

 

Wengi wetu hatukulelewa na redieta. Pwani hatukuzihitaji, na hata wenzetu wa Njombe, Lushoto na Limuru, ambao baridi wanaijua, waliota moto wa kuni au jiko la mkaa. Tumefika huku tukakuta sanduku jeupe limetundikwa ukutani, tukaonyeshwa swichi, basi. Sasa baadhi yenu mmenunua nyumba, boila zimezeeka, fundi anakuja na karatasi ya gharama, na ndani yake kuna mstari mmoja usioeleweka: chujio la sumaku. Ni kitu cha maana, au fundi anajiongezea hela? Hilo ndilo swali nililoombwa nilijibu.

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayewahi basi asiondoke mikono mitupu. Lifungwe. Lakini lifungwe katika mfumo uliosafishwa kwanza, maji yake yakatiwa dawa ya kuzuia kutu, na pawe na mtu wa kulifungua na kulisafisha kila mwaka. Likikosa hayo matatu, hela imetupwa.

Tuelewane kwanza jinsi mfumo unavyofanya kazi. Boila inachoma gesi na kupasha maji, pampu inayasukuma kwenye redieta za vyumba vyote, kisha yanarudi kwenye boila yakiwa yamepoa, yapashwe tena. Maji hayo si ya bafuni wala ya chai. Ni maji yaliyofungiwa, yale yale, yanazunguka mwaka hadi mwaka. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu huwa nayo lita 100 hivi. Karibu kila nitakalosema jioni hii linahusu maji hayo.

Hoja ya kwanza: uchafu unazaliwa humo humo ndani

Watu hudhani uchafu umetoka nje, labda mchanga au takataka za mafundi waliojenga. Kidogo, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya tope linalotolewa kwenye mifumo hii ni redieta zenyewe zinazoliwa. Redieta nyingi za hapa ni za bati la chuma. Maji mapya yanapoingia huja na oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, na oksijeni ikikutana na chuma na maji, kutu haikosi. Oksijeni ikiwa nyingi, inatokea kutu nyekundu tuliyoizoea kwenye mabati ya paa. Ikiwa haba, kama ilivyo ndani ya mfumo uliofungwa, kinatokea kitu kingine: magnetaiti, unga mweusi mwembamba mno unaonaswa na sumaku. Una uzito wa zaidi ya mara tano ya maji, kwa hiyo hutuama mahali ambapo maji yanatembea polepole, yaani chini ya redieta, na zaidi pale katikati.

Ndiyo maana redieta yenye joto juu na baridi chini katikati ina tope, na yenye baridi juu na joto chini ina hewa. Naomba tofauti hii ishikwe. Nimekuta watu wanafungua skrubu ya kutolea hewa kila Jumamosi kwenye redieta ambayo haina hewa hata chembe, ina matope.

Na hiyo tunayoiita hewa, si hewa kila mara. Chuma kinapogeuka magnetaiti penye uhaba wa oksijeni, hutoa haidrojeni. Redieta inayojaa gesi kila baada ya wiki chache huenda imejaa haidrojeni, na haidrojeni inawaka. Kwa hiyo anayetoa hewa kwenye redieta iliyo kwenye kona yenye giza, tafadhali amulike kwa tochi, asimulike kwa kiberiti. Mnacheka, lakini nasema kwa sababu.

Anayetaka ushahidi wa macho, asubiri mfumo upoe, achote maji kidogo ya redieta kwenye chupa ya kioo, kisha asogeze sumaku ya friji ubavuni mwa chupa. Weusi ukiifuata sumaku, ajue kwamba chuma cha nyumba yake kinayeyuka.

Jambo moja la kutia moyo: maji yakishaingia na oksijeni yake kumalizwa na chuma, kutu hupungua mno. Maji machafu yasiyobadilishwa yanaweza kuwa matulivu kuliko maji masafi yanayoingizwa kila wiki. Nitalirudia hili, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Hoja ya pili: mitambo ya leo haivumilii

Mzee mmoja aliniambia hapo nje kabla hatujaanza kwamba boila yake ya zamani ilifanya kazi miaka thelathini bila chujio lolote. Namwamini. Boila zile zilikuwa na kiini cha kupashia maji cha chuma cha kalibu, kizito, chenye njia pana za maji. Tope lilipita likaendelea na safari yake. Kuanzia Aprili 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zimetaka boila mpya za gesi, isipokuwa pale isipowezekana kabisa, ziwe za aina inayovuna joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi wake. Gesi inayopotea hewani ikapungua, lakini kiini kikawa chepesi na njia zake zikawa nyembamba. Kinachopita kwenye mlango wa ghala hakipiti kwenye tundu la ufunguo.

Boila za kombi, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, zina sehemu moja dhaifu zaidi. Ni furushi la vibati vilivyobanana, maji ya redieta yakipita upande mmoja na maji ya bafuni upande wa pili, ili joto livuke. Tope likiganda humo, redieta zinaweza kuendelea vizuri huku bafuni maji yanakuwa moto, mara baridi, mara moto tena. Naona akina mama wanatikisa vichwa. Basi huenda mnajua sasa tatizo liko wapi. Huenda, nasema, kwa sababu ukoko wa chokaa nao huleta dalili hiyo hiyo.

Halafu kuna pampu, na kwangu mimi hii peke yake ingetosha kumaliza ubishi. Kanuni za Ulaya za matumizi ya umeme zilianza kubana pampu za aina hii mwaka 2013, na kuanzia Agosti 2015 zikagusa hata pampu zilizomo ndani ya boila mpya. Pampu za sasa zinatumia umeme kidogo kwa sababu rota zake zina sumaku ya kudumu, na maji ya mfumo yanapita humo humo inamozunguka rota. Maana yake ni kwamba hata nyumba isiyo na chujio la sumaku tayari ina sumaku moja majini. Tope litanaswa tu. Uchaguzi tulio nao ni kama linaswe kwenye kopo linalofunguliwa na kusafishwa kwa robo saa, au ndani ya pampu ambayo kuibadilisha ni mamia ya paundi.

Nyumba nyingine, hasa zilizowekewa mabomba kuanzia miaka ya 1970, zina mabomba membamba ya shaba ya milimita 8 au 10 yanayokwenda kwenye kila redieta. Wenye mabomba hayo wasijadili sana. Wafunge.

Chujio lenyewe ni kopo dogo la plastiki ngumu au shaba nyeupe, lenye fimbo ya sumaku kali katikati. Hufungwa kwenye bomba la kurudi, baada ya redieta ya mwisho na kabla ya maji kuingia kwenye boila, likiwa na koki kila upande ili liweze kufunguliwa bila kumwaga maji ya nyumba nzima. Bomba la kurudi linachaguliwa kwa sababu kitu cha thamani kuliko vyote katika mfumo ni boila, na ndicho tunachokilinda. Yapo machujio yanayozungusha maji ili uchafu usiokuwa wa chuma nao uzame chini, na yapo yenye wavu.

Hoja ya tatu: chujio halitibu ugonjwa

Hapa nitakaa kidogo, maana matangazo hayakai.

Chujio linanasa kinachopita mbele yake. Tope lililolala chini ya redieta za nyumba ya zamani halipiti popote, linaendelea kulala. Mtu akifunga chujio leo kwenye mfumo uliochafuka miaka ishirini, atafurahi kuona weusi mwezi wa kwanza, lakini redieta ya sebuleni itabaki na ubaridi wake chini. Dawa ya hilo ni kusafisha: ama kwa kemikali inayozungushwa na pampu ya nyumba kwa siku kadhaa kisha maji yakamwagwa, ama kwa mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, redieta moja baada ya nyingine. Na siku ya hatari kuliko zote ni siku boila mpya inapofungwa kwenye redieta kuukuu. Pampu mpya ina nguvu, dawa ya kusafisha inalegeza tope, na lote linaelekea kwenye kiini kipya chembamba. Siku hiyo chujio liwe limeshakaa mahali pake.

Pili, sumaku hainasi chokaa. Wakazi wa London na kusini mashariki kwa jumla mnajua birika zenu zinavyoota weupe. Maji ya huko ni magumu, ya Scotland na sehemu kubwa ya Wales ni laini. Pale ugumu wa maji unapozidi miligramu 200 kwa lita, mwongozo wa kanuni za ujenzi England unataka maji yanayoingia kwenye boila ya kombi kwa ajili ya bafuni na jikoni yatibiwe. Hicho ni kifaa kingine, kwenye bomba lingine. Msiuziwe kimoja kwa kazi ya kingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tope likirudi upesi baada ya kusafishwa, kuna mahali hewa inaingia. Gari ikila oili kila wiki, fundi mwenye akili habadilishi chujio la oili akasema nimemaliza, anatafuta inakovujia. Katika nyumba, mahali pa kutafuta ni pachache. Kuna uvujaji mdogo chini ya sakafu au kwenye koki ya redieta, usioonekana kwa sababu maji yanakauka kabla hayajalowesha zulia. Kuna tangi dogo la mtanuko, lenye mpira na hewa ndani, ambalo hewa yake ikiisha presha hupanda maji yakipata moto, valvu ya usalama hufunguka kwenye baa 3 na kumwaga maji nje ya ukuta, na asubuhi presha iko chini. Kuna mabomba ya plastiki ya zamani yasiyo na tabaka la kuzuia oksijeni. Na kwenye mifumo yenye tangi dogo darini, maji huweza kusukumwa juu kwenye bomba la kupumulia na kurudi tangini yakiwa yamebeba hewa, mchana kutwa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa akifungua koki ya kuongeza maji kila asubuhi, kama anavyoswaki. Aliambiwa na aliyemuuzia nyumba kwamba ndivyo inavyotumika. Chujio lake lilikuwa zuri, limefungwa vizuri, na lilijaa weusi kila baada ya wiki chache. Uvujaji ulikuwa chini ya mbao za ukumbini. Ulipozibwa, na mfumo ukasafishwa na kutiwa dawa, chujio likaanza kukaa mwaka mzima na uchafu wa kujaza kijiko. Maji mapya ya kila asubuhi yalikuwa yanaingiza oksijeni mpya ya kula chuma. Chujio lilikuwa linahesabu hasara tu.

Ndiyo maana pia sipendi kusikia mtu anajivunia kulifungua chujio lake kila Jumapili. Kila ukilifungua unamwaga maji kidogo yenye dawa na kuingiza maji ya bombani yasiyo na dawa. Mara moja kwa mwaka inatosha kwa mfumo mzima. Mwaka wa kwanza baada ya kusafishwa, ongeza mara moja au mbili.

Na dawa yenyewe isisahaulike. Chupa moja, kwa bidhaa nyingi, inatosha maji ya lita 100 hivi. Ni rahisi kuliko chujio, na ukinilazimisha kuchagua kimoja tu kati ya dawa na chujio, nitachagua dawa. Chujio linaokota kutu iliyokwisha kutokea. Dawa inaizuia isitokee.

Hoja ya nne: sheria na viwango

Je, sheria inalazimisha? Hapana, si kwa maneno hayo. Lakini kiwango cha Uingereza cha BS 7593, katika toleo la 2019, kinapendekeza chujio la kudumu kwenye mfumo, dawa ipimwe kila mwaka, na kila miaka 5 iwekwe upya au maji yapelekwe maabara. Mwongozo wa kanuni za ujenzi nao unakirejelea kiwango hicho kuhusu kusafisha mfumo. Na watengenezaji wengi wa boila hawalipi, hata ndani ya dhamana, uharibifu uliotokana na tope. Someni karatasi ya dhamana kabla ya kuiweka kabatini.

Kazi ya kufunga chujio ni kazi ya maji, fundi bomba mzuri anaiweza. Lakini anayegusa gesi au kufungua sehemu za boila zilizozibwa kwa ajili ya moto lazima awe kwenye daftari la Gas Safe, lililochukua nafasi ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Ombeni kitambulisho, na mkigeuze. Nyuma ndiko kumeandikwa kazi anazoruhusiwa.

Wapangaji, neno lenu. Msifunge kitu kwenye boila ya mwenye nyumba. Kwa England, kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1985 ya mwenye nyumba na mpangaji kinamtaka yeye atunze mitambo ya kupasha vyumba na maji. Andikeni barua au barua pepe, mseme redieta ipi haipati joto na tangu lini, mbaki na nakala. Pia mjue kwamba ukaguzi wa gesi wa kila miezi 12, ambao ni lazima kwa mwenye nyumba, ni wa usalama wa gesi. Cheti chaweza kutoka safi na chujio likawa halijafunguliwa tangu lilipofungwa.

Hoja ya tano: hela

Hii ni fupi. Kifaa chenyewe huwa karibu paundi 100, kidogo chini au juu kulingana na aina, na kazi ya kukifunga ni rahisi zaidi kikifungwa siku ile ile ya boila mpya, kwa sababu maji yameshamwagwa na fundi yuko. Kusafisha mfumo kwa mashine ni mamia ya paundi, na boila mpya ni zaidi ya elfu. Tangazo likikuahidi kwamba chujio litapunguza bili kwa asilimia fulani, uliza: katika mfumo uliokuwaje? Katika mfumo ambao tayari ni safi, chujio halipunguzi bili hata senti. Linazuia bili ya fundi.

Wapo wasiohitaji kabisa. Anayekaa kwenye ghorofa linalopata joto kutoka mtambo mmoja wa jengo zima, hilo ni la wenye jengo. Anayetumia hita za umeme za ukutani hana maji ya kuchuja. Anywe chai yake kwa amani. Na mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asishike sumaku ya chujio, hata kama amesomea ufundi. Sumaku zile ni kali, amwachie mwingine.

Tuendako

Boila za gesi zinaelekea kuondoka polepole. Katika England na Wales serikali inatoa ruzuku ya paundi 7,500 kwa anayeweka pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaochukua nafasi ya boila, kiasi kilichopandishwa Oktoba 2023, na tangu Juni 2022 mfumo mpya kabisa wa redieta England unatakiwa uweze kupasha nyumba kwa maji yasiyozidi nyuzi 55. Wapo watakaosema: basi chujio la nini, mitambo yenyewe inakwisha? Mimi naona kinyume. Boila ya gesi hupeleka maji na kuyapokea yakiwa yamepoa kwa nyuzi 20 hivi; pampu ya joto hufanya kazi kwa tofauti ya nyuzi 5 hivi. Ili kubeba joto lile lile, maji yanatakiwa yapite mara nne zaidi, kupitia kiini chembamba vile vile. Tope ambalo boila ilikuwa inalivumilia kwa manung'uniko, pampu ya joto italikataa. Mabomba na redieta mtakazozitunza leo ndizo zitakazotumika na mtambo ujao, au zitakazong'olewa kwa gharama yenu.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba watu wasingoje Desemba, wakati mafundi hawashikiki na watoto wanalala na makoti. Mwezi Septemba kila mwenye nyumba apitishe mkono kwenye redieta zake, juu na chini, aandike anachokuta, na atazame kama presha inakaa kati ya baa 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Fundi akija, aulizwe kabla hajafungua sanduku la vifaa: utasafisha mfumo kabla ya kufunga chujio? Utatia dawa gani, na kiasi gani? Chujio utaliweka mahali ambapo mimi, au fundi mwingine mwakani, ataweza kulifikia na kulifungua? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, mshukuruni kwa kufika, mtafute mwingine.